Kabla hujanunua unga wa nguvu, pima sukari

Wanaume waliovuka miaka 45 hawaulizi dawa ya nguvu mbele ya watu. Husubiri foleni ya dirisha la dawa iishe, ndipo wanainamia kioo: "Dokta, mwili umechoka." Mmoja alinitolea kifuko cha nailoni chenye unga wa kahawia, hakina jina wala tarehe. Aliuziwa kama mizizi mitupu. Akakiri unafanya kazi sana, ila kila akiutumia kichwa kinamgonga, uso unawaka na pua inaziba.

Nikisikia hayo matatu kwa pamoja, kitu cha kwanza ninachoshuku ni sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeshatoa tahadhari nyingi kuhusu bidhaa za "asili" zilizokutwa na dawa hiyo ndani bila kuandikwa. Mwenye unga hajui kiasi alichomeza. Na kama ana kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, viwili hivyo vikikutana presha inaweza kuporomoka ghafla na kumuua. Hili ndilo linaloninyima usingizi.

Ni kweli homoni ya kiume, testosteroni, hupungua kwa umri, takriban asilimia 1 kwa mwaka kuanzia miaka ya 30 au 40. Lakini kupungua huko ni kwa polepole mno. Peke yake hakumlazi mtu mezani saa tisa alasiri. Uchovu wa namna hiyo mara nyingi una chanzo kingine: sukari, upungufu wa damu, pombe ya kila jioni, msongo wa mawazo, au kukoroma kunakokatisha pumzi usiku kucha. Anayekoroma hivyo huamka amechoka kuliko alivyolala, na mara nyingi mkewe ndiye anayejua.

Kwa uume kulegea, naomba tuelewane vizuri. Mishipa inayopeleka damu huko ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu. Ile ya moyo ina 3 hadi 4. Mafuta na sukari vikianza kuharibu mishipa, ile myembamba huzidiwa kwanza, na kwa baadhi ya wanaume tatizo la chumbani hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka 2 hadi 5. Akinywa unga akapona kwa usiku mmoja, ameinyamazisha kengele huku moto unaendelea kuwaka.

Je, virutubisho? Vina kazi pale penye upungufu. Anayetumia metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na hapo uchovu na ganzi miguuni vina tiba. Zinki humsaidia aliyepungukiwa. Kwa mwingine yeyote, dagaa, maharage, korosho na mbegu za maboga zinatosha, tena vidonge vya zinki vikizidi kwa muda mrefu huvuruga madini ya shaba mwilini. Sindano za testosteroni zisichomwe kwa kusikia tu kwa rafiki: huzuia korodani kutengeneza mbegu, na kijana anayetafuta mtoto akaingia huko hujikwamisha mwenyewe.

Ninachokiamini kuliko chupa yoyote ni misuli. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, pamoja na siku 2 za kazi nzito ya misuli. Kutembea kwa kasi hadi jasho litoke kunahesabika, na kulima na kubeba ndoo pia.

Ukija kituoni, omba upimwe presha, sukari kabla ya kula, wingi wa damu na kiuno. Presha ikifika 140/90 au sukari ikifika 7.0 (mmol/L), vipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kuitwa ugonjwa. Na ule unga uje nao. Uweke juu ya meza pamoja na vidonge vyako vyote, hakuna atakayekugombeza.