Je, wajua kwa nini choo cha boti ya matanga hujaa maji chenyewe?

Boti ya matanga imetia nanga mbele ya Raskazone, Tanga. Bahari shwari, na wenye boti wamelala nchi kavu. Asubuhi wanarudi na kukuta bakuli la choo limejaa maji ya bahari hadi ukingoni na mbao za sakafu zimelowa. Hakuna aliyepiga pampu usiku, wala ubavu wa boti haujatoboka. Maji yamepandaje?

Jibu linalotolewa haraka zaidi, tena na watu wanaoijua bahari, ni bamvua, yaani zile siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Bahari ya Tanga wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mtu akiona jinsi mikoko ilivyomezwa alfajiri, haoni ajabu maji hayohayo kusukumwa ndani ya mpira wa choo mpaka bakulini. Macho nayo yanaonekana kushuhudia: bahari ilipojaa, choo kilijaa. Maelezo haya yameenea sana, lakini si sahihi. Anayeyaamini huishia kusogeza nanga kila mwezi mpevu, na choo kinaendelea kujaa vilevile.

Chombo kinachoelea hakiathiriwi na kina kilicho chini yake. Boti ya tani 6 husukuma kando tani 6 za maji, iwe imesimama kwenye kina cha mita 4 au cha mita 40. Maji yakijaa mita 3, boti yote hupanda mita 3: mlingoti, sitaha, choo, pamoja na lile tundu la ubavuni ambamo maji ya choo huingilia. Tundu lililokuwa sm 40 chini ya uso wa bahari wakati wa maji kupwa linabaki sm 40 chini ya uso wa bahari wakati wa maji kujaa. Kani ya maji inayolisukuma hutegemea hizo sm 40 peke yake. Umbali wa kutoka hapo hadi mchangani hauongezi kitu. Mwenye shaka achore mstari wa chaki ubavuni, pale maji yanapogusa, kisha autazame tena baada ya saa sita. Utakuwa palepale.

Ipo hali moja ambayo bamvua inahusika kweli, nayo ni boti iliyokalishwa mchangani ili ikwanguliwe chaza na kupakwa rangi. Maji yanaporudi, boti haielei mara moja. Kwa muda fulani mkuku, yaani uti wa chini wa boti, bado umekaa chini na bahari inapanda ubavuni, na hapo tundu la choo huzidi kuzama kadiri dakika zinavyopita. Fundi aliyeacha koki, yaani kifungio cha tundu hilo, wazi siku hiyo ataona maji yakija ndani kwa nguvu. Nadhani mambo haya mawili, boti iliyokaa na boti inayoelea, ndiyo yaliyochanganywa mpaka bamvua ikabeba lawama zote.

Kwa boti inayoelea, vitu viwili hubadilisha kweli urefu kati ya choo na uso wa bahari. Cha kwanza ni uzito: jaza tangi la maji, pakia abiria na vyakula vya safari, boti itazama sentimita kadhaa. Cha pili, chenye nguvu zaidi, ni kulala kwa boti inapokwenda kwa tanga. Tuseme choo kiko mita 1.2 kutoka mstari wa katikati ya boti. Boti ikilala nyuzi 20, choo hicho hushuka takriban sm 40. Kutoka Tanga kwenda Wete, Pemba, ni kama kilomita 70 kuelekea mashariki. Msimu wa kusi upepo huvuma toka kusini, yaani huja kutoka mkono wa kulia na boti hulala kushoto, kwa hiyo choo cha kushoto kinakuwa upande wa demani, chini, siku nzima. Wakati wa kurudi choo hichohicho kiko upande wa goshini, juu, na hakiingizi hata tone. Hii ndiyo sababu boti moja inaweza kuwa na tatizo wakati wa kwenda na isiwe nalo wakati wa kurudi, na mwenyewe akadhani limejiponya.

Sasa choo chenyewe. Ubavuni, chini ya uso wa bahari, kuna koki mbili: ndogo ya kuingiza maji, ambayo mpira wake mara nyingi una kipenyo cha mm 19, na kubwa ya kutolea uchafu, mm 38. Kati yake pana pampu ya mkono. Pistoni ikipanda na kushuka, upande mmoja wa pampu huvuta maji ya bahari kuyapeleka bakulini na upande wa pili huvuta kilichomo bakulini na kukisukuma nje. Kishikio kidogo juu ya pampu hufunga njia ya kuingiza ili bakuli likaushwe. Mabaharia wa majahazi hawakuhitaji chochote kati ya hivi. Choo chao ni kisanduku kinachoning'inia nje, kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, juu ya maji, bila kutoboa chombo popote. Boti ya kisasa huweka choo ndani na chini, na mara nyingi ukingo wa bakuli huwa usawa wa bahari au chini yake. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Wapo wanaosema kuwa mpira ukipandishwa juu ya usawa wa bahari kabla ya kushuka bakulini, tatizo limekwisha, kwa kuwa maji hayapandi mlima. Kosa hili ni la hatari kuliko lile la bamvua, kwa sababu humfanya mtu alale usingizi akiamini amejikinga.

Fikiria mtu anayehamisha dizeli kutoka kwenye pipa lililo juu ya gari kwenda kwenye dumu lililo chini. Anatumbukiza ncha moja ya mpira ndani ya pipa, anapitisha mpira juu ya ukingo, ananyonya ncha ya pili kwa mdomo, na dizeli ikikaribia kumfika anaiingiza kwenye dumu. Kunyonya huko ni kwa mara moja tu. Baada ya hapo dizeli inapanda yenyewe ndani ya pipa, inavuka ukingo na kushuka, na itaendelea hivyo maadamu ncha ya nje iko chini kuliko uso wa dizeli iliyo pipani. Akiliinua dumu mpaka nyuso mbili zilingane, mtiririko unakoma. Akiinua ncha ya ndani ikavuta hewa, mtiririko unakatika, na kuirudisha tu hakuuanzishi tena. Itabidi anyonye upya. Mtiririko wa namna hii huitwa sifoni.

Choo cha boti kimepangwa vivyo hivyo. Pipa ni Bahari ya Hindi, ukingo wa pipa ni ile sehemu ya mpira iliyopandishwa juu, dumu ni bakuli, na mdomo unaonyonya ni pampu. Mtu wa mwisho kutumia choo jioni alipiga pampu, akaujaza mpira maji, akaenda zake. Alikuwa ameshaanzisha sifoni bila kujua. Tofauti na pipa la dizeli ni kwamba pipa hili haliishi na uso wake haushuki. Ukingo wa bakuli ukiwa juu ya bahari, maji yataingia mpaka yalingane na bahari kisha yatulie. Ukiwa chini ya bahari, kulingana hakutafika kamwe: bakuli litafurika, na boti inavyozidi kubeba maji ndivyo inavyozidi kushuka.

Mtu atauliza, na vali zilizo ndani ya pampu zina kazi gani? Vali za upande wa kuingiza zimewekwa ili kuruhusu maji yaende bakulini na kuyazuia yasirudi baharini, na sifoni inakwenda upande uleule zinaouruhusu. Kizuizi pekee ni kile kishikio cha kukaushia. Kijipande cha mpira kilicho ndani yake kikiwa kipya huziba vizuri, kikichakaa hupitisha. Kwa hiyo si kila boti isiyo na kinga itafurika usiku wa leo. Nyingine hukaa salama miaka, mpaka kijipande hicho kilike.

Wala haihitaji mtiririko mkubwa. Lita 1 kwa dakika, ambayo mtu anaweza kuipita bila kuisikia, ni lita 1,440 kwa siku, karibu tani moja na nusu ya maji ya bahari. Wahenga wa pwani walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na maji haya nayo huishia ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Pampu ya umeme iliyoko huko itayatoa mpaka betri ziishe, kisha boti itabaki peke yake.

Ni nguvu gani hasa inayopandisha maji? Swali hili limewashughulisha hata wenye elimu kubwa. Mwaka 2010 mwanafizikia Stephen Hughes wa Australia aligundua kuwa kamusi mashuhuri ya Kiingereza ilikuwa imeeleza tangu 1911 kwamba sifoni huendeshwa na kani ya hewa, ilhali kinachoiendesha ni mvutano wa dunia: maji ya upande unaoshuka zaidi ni mazito, nayo huwavuta wenzao. Kani ya hewa husaidia kuyashikanisha maji yasikatike kileleni, na wataalamu bado hujadiliana juu ya ukubwa wa mchango wake, kwa kuwa sifoni zimewahi kufanya kazi hata mahali palipoondolewa hewa. Kwa mwenye boti inatosha kujua jambo moja ambalo halina ubishi: hewa ikiingia kileleni, mnyororo unakatika.

Kinga yote imejengwa juu ya jambo hilo. Kwenye kilele cha mpira huwekwa tao la plastiki au shaba lenye kipumulio, yaani kivali kidogo mno kinachoruhusu hewa iingie lakini hakiruhusu maji yatoke. Pampu inapopigwa, maji husukuma kivali kikafunga. Pampu inaposimama na maji yakaanza kujivuta yenyewe, kivali hufunguka, hewa huingia, na sifoni hufa. Kilele hicho lazima kibaki juu ya bahari hata boti ikiwa imelala kabisa, na kipimo kinachotajwa na watengenezaji ni angalau sm 20 juu ya kiwango cha juu kabisa ambacho maji yanaweza kufika.

Mafundi wengi hukosea mahali pa kuliweka tao la kuingizia. Huliweka kati ya koki na pampu, kwa kuwa huko ndiko mpira mrefu uliko. Likiwa hapo, pampu ikivuta inavuta hewa kupitia kipumulio na bakuli halipati maji, na mwenye boti aliyechoka huziba kipumulio kwa utepe. Tao linatakiwa liwe kati ya pampu na bakuli. Hii humaanisha kuondoa ule mpira mfupi uliokuja na choo na kuweka mrefu unaopanda hadi kwenye tao na kushuka. Kwa upande wa kutolea, tao huwekwa kati ya pampu na koki kubwa.

Ukikuta bakuli limejaa, tazama maji kabla ya kugusa chombo chochote cha kazi. Yakiwa safi kama ya bahari, yamekuja kwa njia ya kuingizia. Yakiwa machafu na yenye harufu, yamerudi kwa njia ya kutolea, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni ile vali ya mpira yenye mkato katikati inayokaa kwenye mlango wa kutokea. Kokwa ngumu za chokaa, zinazotokana na mkojo kukutana na maji ya bahari, huushika mkato ule usifunge. Siki nyeupe ikiachwa humo usiku kucha huzilainisha, lakini isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu ndani ya chumba kisicho na dirisha. Vali yenyewe ni ya bei ndogo. Ibadilishwe ikianza tu kulegea.

Baada ya hapo kausha bakuli, funga koki ndogo na usubiri nusu saa. Likibaki kavu, shughulikia njia ya kuingizia: fungua kipumulio, kioshe kwa maji baridi ya bomba ili chumvi iyeyuke, kisha kipulize kwa mdomo pande zote mbili. Hewa ipite upande mmoja tu. Chumvi ndiyo huua vipumulio vingi, na hukifanya kivali kigande kikiwa kimefungwa, kwa nje kikionekana kizima kabisa. Bakuli likiendelea kujaa huku koki ndogo imefungwa, funga na kubwa. Likijaa bado, koki mojawapo haifungi sawasawa, na hapo hakuna njia ila boti ikae mchangani maji yakipwa ifunguliwe.

Tao halichukui nafasi ya koki. Koki zote mbili hufungwa kila choo kinapomaliza kutumika, na hasa kabla ya kushuka pwani, kwa kuwa mpira ukipasuka au klipu ikioza chini ya tao, kipumulio hakisaidii chochote. Kando ya kila koki kifungwe kwa kamba kizibo cha mbao laini kilichochongwa kulingana na tundu lile, ili siku koki ikivunjika, anayekishika gizani asiwe na haja ya kutafuta.