Kuzima swichi si kukata umeme

Wiki hii imekuwa mara ya nne. Kijana wa bodaboda kasukuma pikipiki kutoka Ng'ambo mpaka kijiweni kwangu hapa Isevya, Tabora, jasho linamtiririka, nyuma kafunga kiroba chenye betri mbili kuukuu. Kaziweka chini, kanisalimia, kisha maneno yaleyale: "Fundi, hii iliyofungwa ni ya tatu mwaka huu. Betri za siku hizi feki tupu. Jioni inawaka freshi, asubuhi imekufa. Na swichi nazima, ufunguo nalala nao chini ya mto."

Ufunguo analala nao chini ya mto. Nimesikia sentensi hiyo mpaka nimeamua kuandika, kwa sababu kila anayeisema keshatoa hela ya betri mbili au tatu kabla hajafika kwangu, na hela hiyo ni ya watoto wake.

Sikiliza. Swichi ya ufunguo haikati betri. Fuata waya mwekundu kuanzia kichwa cha chanya: unapita kwenye fyuzi, halafu kabla haujaifikia swichi umeshachepuka. Tawi moja linakwenda kwenye rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uwe wa kuchaji betri, ndipo chaji inaporudia betrini. Stata nayo ina rilei yake inayokula waya mnene moja kwa moja kutoka betrini. Swichi inakuja baada ya hayo. Ukifunga koki ya bafuni, bomba la uani bado lina maji. Chochote kilichogongwa kwenye waya kabla ya swichi kinakula usiku na mchana, uwe na ufunguo mfukoni au uwe umeutupa kisimani.

Na siku hizi vinagongwa vingi. Alamu ya kuzuia wezi. Chaja ya simu pale kwenye usukani, kwa sababu abiria na dereva wote wanataka chaji. Redio. Taa za urembo. Na zile pikipiki za mkataba zina kifaa cha GPS, cha kumwonyesha mwenye mali pikipiki ilipo, kilichofichwa chini ya siti, ambacho dereva mwenyewe mara nyingi hajui kama kipo. Aliyefunga alitafuta waya wa karibu wenye moto, na waya wa karibu ni kichwa cha betri.

Basi nikafanya ninachofanya kila siku. Nikafungua kichwa cha hasi, nikaweka mita ya kupimia umeme katikati: mkono mmoja kwenye nguzo ya betri, mwingine kwenye waya wa hasi, swichi imezimwa. Anzia tundu la ampia 10, usianzie lile dogo. Mita ikiwa imekaa hapo usiwashe swichi na usiguse kitufe cha stata, maana stata inavuta makumi ya ampia na fyuzi ya mita itaondoka. Halafu subiri. Subiri dakika kumi. Alamu na vifaa vya GPS haviendi kulala papo hapo. Ukisoma mapema utalaumu kitu kisicho na kosa.

Baada ya dakika kumi mita yake ilisimama kwenye miliampia 62, yaani ampia 0.062. Pikipiki ya kawaida isiyo na madoido, ya kwake rektifaya tu, naitegemea isizidi moja au mbili.

Sasa jambo ambalo wenzangu wengi wanaliruka. Wakiona 62 wanapiga kelele, "Nimempata mwizi!" Fanya hesabu kwanza. Betri yake ni ya ampia-saa 7, yaani ampia moja kwa saa saba. Saba gawa kwa 0.062 unapata saa 113, karibu siku tano mpaka iishe kabisa. Usiku wa saa 12 unakula ampia-saa 0.74, kama sehemu moja ya kumi. Betri nzima iliyojaa ikipoteza sehemu moja ya kumi inawasha asubuhi bila wasiwasi. Kwa hiyo 62 peke yake haielezi kwa nini inakufa kwa usiku mmoja. Mwizi yupo, ndiyo, lakini ghala lilikuwa tupu kabla hajaingia.

Tuende polepole hapa. Nilichomoa kimoja kimoja huku natazama mita. Chaja ya simu: ilishuka 18, na hapo hakuna simu iliyochomekwa, kile kibati cha ndani kinachoshusha volti 12 kuwa 5 kinakula hata kikiwa hakina kazi. Kifaa cha GPS: 41. Kilichobaki ni 3, cha rektifaya na unyevu wa waya wa zamani. Chaja nikaihamishia waya unaopata moto baada ya swichi, kazi ya dakika tano. GPS sikuigusa. Hiyo ni ya mwenye pikipiki, na dereva akiikata ataitwa mwizi; nilimwambia ampigie mwenye mali waiweke kwenye hali ya kulala pikipiki ikisimama. Kifaa kizima kinachojua kulala hakistahili kula 41 usiku kucha.

Halafu nikawasha injini. Betri ikiwa na chaji kidogo, injini ikizunguka mzunguko wa safari, taa kubwa imewashwa, nataka kuona kati ya volti 13.8 na 14.5 kwenye vichwa vya betri. Yake: 13.1. Hapo ndipo ghala lilipokuwa linaliwa. Nikafuata waya za njano zinazotoka kwenye koili za magneto, mtambo wa injini unaozalisha umeme, mpaka kwenye soketi ya rektifaya, nikaivuta. Plastiki imebadilika rangi ya kahawia, pini moja imeungua na kulegea. Soketi ya namna hiyo ukiiangalia kwa nje imechomeka vizuri tu. Lazima uichomoe na uinuse. Nikakata pini, nikaweka mpya, nikabana vizuri. 14.2.

Kumbe kijana alikuwa anafanya kazi siku nzima mjini, kwenye foleni ya abiria stendi na sokoni, anawasha na kuzima, taa iko wazi, na betri inapata chaji ya kubabaisha. Taa kubwa ya wati 35 inavuta karibu ampia 3 peke yake. Injini ikiwa saileni, inanguruma tu bila kuvutwa mafuta, koili hazitoi kitu cha maana. Na kuna kingine kidogo alichokuwa nacho, ambacho nakiona kila masika: swichi ya breki ya mguu imejaa tope imeng'ang'ania, taa ya breki inawaka muda wote anaotembea. Balbu ya breki ni wati 21. Hiyo ni ampia 1.75 inayotupwa barabarani, na yeye haioni kwa sababu iko nyuma yake. Mwambie mwenzako akufuate jioni moja akuangalizie.

Turudi kwenye jambo linalonikera kuliko yote: cheche.

Fundi anafungua waya wa hasi, anaugusisha kwenye nguzo, anaona cheche, anatangaza, "Kuna shoti!" Au haoni cheche, anatangaza, "Hakuna shoti, betri mbovu." Zote mbili ni ramli. Chaja ya simu na vifaa vya aina hiyo vina kapasita ndani, kidude kinachohifadhi umeme kidogo. Ukigusisha waya kwa mara ya kwanza kapasita inajijaza kwa ghafla na cheche inatoka, hata kama baada ya hapo kifaa kinakula kidogo sana. Na uvujaji wa miliampia 62 unaweza usikupe cheche yoyote ya kuonekana mchana wa jua la Tabora. Cheche inakuambia kuna kitu. Haikuambii ni kiasi gani, na hapa swali lote ni kiasi gani.

Wanaotumia balbu ya kupimia wako mbele hatua moja, lakini nao wanadanganyika. Balbu ya wati 5 inahitaji ampia 0.4 kuwaka sawasawa. Ukiipitishia miliampia 62 uzi wake haupati moto wa kuonekana. Balbu haikuwaka, fundi anasema pikipiki iko safi, mteja ananunua betri. Nimeshapokea pikipiki tatu za namna hiyo, zote zilikuwa "zimepimwa". Mita ya bei rahisi ya pale dukani inakutosha kwa kazi hii. Inunue. Fundi wa umeme asiye na mita anapapasa gizani kwa hela ya mteja.

Kingine ni asidi. Betri ya maji ikishuka kiwango, mtu anakwenda kununua asidi anaongeza. Hapana! Kinachopungua kwa joto na kwa kuchaji ni maji. Asidi haiendi popote. Ongeza maji ya betri ya "distilled", yale yasiyo na asidi, mpaka mstari wa juu, basi. Najua kosa linakotoka: betri ikiisha chaji asidi inaingia kwenye sahani za risasi, kwa hiyo ukipima kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri, unakuta maji mepesi, unadhani asidi imekwisha. Imejificha tu kwenye sahani. Ichaji na itarudi. Ukimimina nyingine juu yake, siku betri ikijaa utakuwa na asidi kali kupita kiasi inayokula sahani. Muuzaji anayesema "weka asidi ipate nguvu" anakuuzia mazishi ya betri yako.

Kwa wenye betri kavu, ile inayouzwa bila asidi ndani, neno moja: ikitiwa asidi yake dukani haijajaa bado. Iache itulie, ichaji kwanza, ndipo uifunge. Ukiifunga hivyohivyo inaanza maisha na upungufu, na kwenye pikipiki yenye chaji ya 13.1 haitakuja kujaa kamwe. Nashuku hilo ndilo lililoua ya pili ya kijana huyu.

Betri ikikaa na upungufu wiki baada ya wiki, zile sahani zinaota ukoko mgumu wa salfeti. Ukoko huo ndio unaopunguza tumbo la betri. Kwenye karatasi ni ampia-saa 7, tumboni imebaki moja na nusu. Sasa toa ile 0.74 ya usiku mmoja. Umeona ilivyokufa asubuhi? Uvujaji mdogo, chaji hafifu, tumbo lililosinyaa: kila kimoja peke yake unaweza kuishi nacho miezi. Vikikutana vinakula betri tatu kwa mwaka, na mwenye pikipiki analaumu kiwanda.

Niseme pia pale ninapoyumba. Namba za kitabu za kupima betri wakati stata inazunguka, kwamba isishuke chini ya volti 9.6, mimi siziamini zikiwa peke yake. Injini yenye oili nzito au stata yenye brashi zilizochoka itaishusha hata betri nzuri. Napima, naandika, lakini sihukumu kwa hiyo tu. Na kuna uvujaji unaojificha. Mwaka jana ilikuja pikipiki kutoka Sikonge inayolala salama kiangazi na kufa usiku wa mvua. Kwangu ilisoma miliampia 0.8 kila nilipopima. Nilifungua soketi zote nikazisafisha, nikabadilisha swichi ya ufunguo iliyokuwa na kutu ya kijani, nikafunga waya upya chini ya tangi. Ilipona. Mpaka leo siwezi kukuapia ni kipi kati ya hivyo kilichoiponya, na mteja nilimwambia hivyohivyo.

Halafu wale wanaosema, "Mimi betri sina haja nayo, napiga kiki inawaka." Inawaka, kweli, zile ambazo CDI yake, kile kisanduku kinachopeleka moto kwenye plagi, inapata moto moja kwa moja kutoka kwenye magneto. Lakini betri ndiyo inayotuliza umeme wa rektifaya. Ukitembea bila hiyo volti zinaruka, na balbu zako za indiketa zitakwambia.

Zile betri mbili za kwenye kiroba sikuzitupa. Nilizipima kwanza: moja volti 11.6, nyingine 10.4. Betri ina vyumba sita, kila kimoja kama volti 2.1; ikijaa na ikatulia saa kadhaa inasimama 12.6 au zaidi. Nikaziweka kwenye chaja ndogo, ampia 0.7, usiku kucha. Msiziweke kwenye chaja ya gari ya ampia 5, zitachemka. Asubuhi nikazitoa, nikaziacha mpaka saa kumi jioni. Ya kwanza ilisimama 12.5. Nikaibebesha taa kubwa ya wati 35 na saa mkononi: ilidumu saa moja na robo kabla haijafika 11. Hiyo ni zaidi ya nusu ya tumbo lake, na kwa pikipiki ya 14.2 inatosha kazi. Nimemfungia hiyo, na ile ya tatu aliyokuja nayo ikifa nimeichaji vilevile, kaichukua kama akiba.

Ya pili ilirudi palepale, 10.4. Chumba kimoja kimekufa, hiyo haina dawa. Nimempa mnunuzi wa chuma chakavu ikiwa na asidi yake yote ndani, sikuimwaga chini ya mwembe ambao watoto wa mtaa wanacheza hapo kila jioni.