Rangi ya Mwanga na Uotaji wa Mizizi katika Vipandikizi vya Maua

Kipandikizi, yaani kipande cha tawi kilichokatwa ili kioteshwe, huanza maisha yake kikiwa na upungufu mkubwa: majani yake yanaendelea kupoteza maji ilhali hakina mizizi ya kuyanyonya. Katika kipindi hicho mwanga hukifanyia kazi mbili. Hukiwezesha kutengeneza sukari itakayojenga mizizi, na hukipa taarifa kuhusu mazingira yanayokizunguka. Kazi ya kwanza hutegemea zaidi wingi wa mwanga. Ya pili hutegemea rangi yake, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa zaidi vitaluni.

Mmea hutambua rangi kwa protini maalumu. Mojawapo ni fitokromu, ambayo huamshwa na mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 660 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na kuzimwa na mwekundu wa mbali wa karibu nanomita 730, ambao jicho la binadamu huuona kwa shida sana. Mwaka 1952, watafiti wa Beltsville, Marekani, walionyesha kwamba mbegu za saladi zilizomulikwa kwa mwanga mwekundu huota, lakini zikimulikwa mara moja baadaye kwa mwekundu wa mbali hurudi kulala. Protini nyingine hupokea mwanga wa bluu.

Katika mimea mingi ya mapambo, mwanga wenye sehemu kubwa ya rangi nyekundu husaidia mizizi kuchipuka. Hata hivyo, nyekundu peke yake haitoshi, kwa kuwa vipandikizi vingi hurefuka kupita kiasi na majani yake huwa dhaifu. Bluu hurekebisha kasoro hiyo kwa kufupisha shina na kuimarisha majani, lakini pia hufungua vitundu vya majani, yaani matundu madogo ambamo maji hupotelea hewani, na kipandikizi kisicho na mizizi kikifunguliwa vitundu hivyo katika hewa kavu hunyauka haraka. Ndiyo maana tunashauri mchanganyiko ambao nyekundu inazidi, kwa mfano sehemu tatu kwa moja ya bluu, uwe mahali pa kuanzia tu. Waridi, krisanthemamu na asumini haziitikii kwa namna moja, hivyo ni busara kujaribu vipandikizi vichache kabla ya kubadilisha taa za kitalu kizima.

Asiyetumia taa naye anahusika na suala la rangi. Majani ya mti hufyonza nyekundu na kupitisha mwekundu wa mbali, kwa hiyo vipandikizi vilivyowekwa chini ya mti hupata ishara kwamba vimezidiwa na majirani, na vingi huelekeza akiba yao kwenye kurefusha shina. Nyavu za kijani nazo hupunguza nyekundu inayohitajika. Wavu mweusi hupunguza rangi zote kwa kiwango kinachokaribiana, na kwa sababu hiyo ninaupendelea. Ikumbukwe kwamba wavu, kioo au plastiki ya rangi haiongezi rangi yoyote. Huondoa tu nyingine, na mwanga wote hupungua.

Haya yote yanahusu majani. Kitako cha kipandikizi, mahali mizizi itakapotokea, huhitaji giza. Anayeotesha katika maji atumie chombo kisichopitisha mwanga, ambacho pia huzuia mwani kuota. Kwa mimea migumu kutoa mizizi ipo mbinu ya zamani inayostahili kutumiwa zaidi: sehemu ya tawi changa hufungwa kwa utepe mweusi likiwa bado kwenye mmea mama, na baada ya wiki kadhaa hukatwa hapo hapo. Tishu iliyokaa gizani hubaki laini, na mara nyingi hutoa mizizi kwa urahisi zaidi.

Rangi sahihi haiwezi kufidia hewa kavu, udongo uliotuama maji au kipande kilichotoka kwenye mmea mgonjwa. Siku za mwanzo mwanga uwe wa wastani, hewa iwe na unyevu mwingi, na joto la udongo liwe kati ya nyuzi 21 na 24 za Selsiasi kwa mimea mingi ya maua. Ukivuta kipandikizi taratibu na kuhisi kimeshika, punguza unyevu wa hewa na uongeze mwanga pamoja na sehemu ya bluu hatua kwa hatua, kwa sababu sasa mche una mizizi ya kurudisha maji yanayopotea majanini.