Polisi wa Harrisonburg hufundwa wapi, na mkazi ana nafasi gani huko

Muulize mkazi wa Harrisonburg, jimbo la Virginia, polisi wa jiji lake wanafundishwa wapi. Mmoja atakujibu ni pale pale makao makuu ya polisi, mwingine atadhani jimbo ndilo linalowafunza Richmond. Wote wawili wamekosea. Kurutu wa Harrisonburg hushika barabara kuu ya I-81 kuelekea kusini, na kabla ya nusu saa kwisha yuko Weyers Cave, sehemu ya mashambani katika Kaunti ya Augusta. Huko ndiko kiliko chuo cha Central Shenandoah, ambacho si mali ya jiji moja. Hukitumia pamoja Harrisonburg, Staunton, Waynesboro, kaunti za Rockingham na Augusta, na hata Charlottesville na Albemarle, ng'ambo ya milima ya Blue Ridge.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili. Harrisonburg ina watu takriban 52,000, na kwa miaka mingi imepokea wakimbizi, zikiwemo familia nyingi kutoka Kongo. Charlottesville nayo vivyo hivyo. Katika kazi yetu ya elimu ya uraia, maswali kuhusu polisi huja zaidi baada ya mtu kusimamishwa barabarani: kwa nini yule askari alinipigia kelele nilipomsogelea? Kwa nini alikuwa na wasiwasi kuliko mimi? Majibu mengi yanaanzia darasani, na darasa hilo linaongozwa na watu ambao mkazi wa kawaida hajawahi kusikia habari zao.

Kwanza tuelewe kwa nini jiji linajiunga na wenzake. Virginia ina desturi isiyo ya kawaida nchini Marekani: miji yake 38 inajitegemea kabisa, haimo ndani ya kaunti yoyote. Harrisonburg imezungukwa na Rockingham pande zote, lakini ina bajeti yake, baraza lake na polisi wake. Uhuru huo una gharama. Chuo cha polisi kinahitaji uwanja wa shabaha, mahali pa kufundishia udereva wa hatari, wakufunzi wenye vyeti na watu wa kutunza kumbukumbu za kila mtihani. Jiji lenye ukubwa huu huajiri askari wachache kwa mwaka, na kujenga yote hayo kwa ajili ya darasa lisilojaa ni kupoteza kodi ya wananchi. Miji mikubwa kama Richmond na Virginia Beach ina vyuo vyake. Midogo huchangia kimoja, na sheria ya jimbo inairuhusu kufanya hivyo kwa makubaliano.

Kiasi cha chini cha mafunzo hupangwa na jimbo, kupitia idara ya huduma za haki jinai iitwayo kwa kifupi DCJS. Askari mpya anatakiwa apate angalau saa 480 za chuo, kisha saa 100 za mtaani akiwa na askari mzoefu anayemwelekeza, na yote hayo yakamilike ndani ya miezi 12 tangu aajiriwe. Saa 480 ni wiki 12 za kazi. Hicho ni kiwango cha chini tu, na vyuo vinaruhusiwa kupita hapo. Kwa maoni yangu hapa ndipo chuo cha pamoja kinapopimwa, maana tofauti kati ya kufundisha kinachodaiwa na sheria na kufundisha kinachohitajika mtaani huamuliwa na wale wanaokiongoza.

Wanaokiongoza ni bodi inayoundwa na washirika wenyewe, kwa kawaida wakuu wa polisi, masherifu na maofisa wa serikali za mitaa. Harrisonburg ina kiti, haina chuo. Mkuu wa polisi wa jiji akitaka somo fulani liongezwe, hana budi kuwashawishi wenzake, na baadhi yao wanatoka kaunti za wakulima ambako ni nadra askari kukutana na dereva asiyejua Kiingereza. Naona ushirika huu ni uamuzi sahihi kwa jiji dogo. Lakini unasogeza maamuzi mbali na macho ya mkazi, na mkazi asiyejua hilo atabaki kulalamika mahali ambapo jambo lake haliamuliwi.

Anayefundishwa katika vyuo hivi si polisi wa jiji peke yake. Manaibu wa sherifu hupitia hapo, na vilevile askari wa jela na wanaopokea simu za 911. Siku utakayopiga simu ya dharura Harrisonburg, itapokewa kwenye kituo cha pamoja cha jiji na Rockingham. Usipojua Kiingereza, taja tu neno "Swahili" na usikate simu. Mpokeaji atakutafutia mkalimani kwa njia ya simu. Polisi wa jimbo, wale wenye magari ya buluu na kijivu unaowaona kwenye I-81, wana chuo chao wenyewe karibu na Richmond. Kwa hiyo ukiwa na lalamiko, anza kwa kutazama rangi ya gari na nembo ya begani, ujue ni askari wa nani.

Sasa tuingie darasani, kwenye somo la kumsimamisha dereva. Kurutu hufundishwa kuegesha nyuma ya gari alilolisimamisha, akiliweka lake pembeni kidogo ili limkinge na magari yanayopita. Usiku humulika taa kali kwenye kioo cha nyuma. Anasogea polepole, na kabla ya kitu kingine chochote macho yake yanatafuta mikono ya dereva: iko wapi, imeshika nini. Wakufunzi hurudia zoezi hili na waigizaji. Mara dereva ni mpole, mara ni mlevi, mara anapekua chini ya kiti. Kurutu anazoeshwa kuamua kwa sekunde.

Dereva wetu ametoka Uvira au Kigoma. Kwao, kukaa kitini ukimngoja mwenye mamlaka akufuate ni utovu wa adabu. Basi anafungua mlango, anashuka, anamwendea askari huku akitia mkono mfukoni kutoa karatasi zake. Yeye anaonyesha heshima. Askari, kwa jinsi alivyofundwa, anaona mtu aliyeshuka bila kuambiwa na mkono wake hauonekani. Sauti inapanda, dereva anashtuka, anazidi kusogea ili ajieleze, na jambo dogo linageuka hatari.

Kwa hiyo, ndugu zangu: ukiona taa za polisi nyuma yako, simama pembeni mahali salama, baki ndani ya gari, weka mikono yote miwili juu ya usukani. Usiku washa taa ya ndani. Usitoe leseni mfukoni wala karatasi kwenye droo kabla hujamwambia askari unachotaka kufanya. Wafundisheni hivyo vijana wenu siku ile ile wanapopata leseni.

Mzigo huu hata hivyo haufai kubebwa na dereva peke yake. Askari wa Virginia hurudi mafunzoni kwa saa 40 kila baada ya miaka miwili. Katika hizo, 4 ni za sheria na 2 ni za kuelewa tamaduni mbalimbali. Saa mbili ni chache mno kwa mji wenye watu kutoka Kongo, Iraki, Eritrea na Honduras, ndiyo maana kinachowekwa humo kina uzito. Mkufunzi akitumia saa hizo kusoma maneno ya jumla kuhusu kuheshimiana, askari ataondoka alivyokuja. Akimweleza kwamba mtu anayeshuka kwenye gari huenda anamwamkia, askari ataondoka na kitu cha kutumia usiku ule ule. Vyuo vingi vya polisi hukaribisha watu wa nje kuigiza katika mazoezi. Mzee wetu mmoja anayezungumza Kiswahili tu, akikaa nyuma ya usukani mbele ya makurutu kumi, atawafundisha kisichofundishika kwa picha ubaoni.

Zile saa nne za sheria nazo zisidharauliwe. Mwaka 2020, baada ya maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd, Bunge la Virginia lilibadilisha mengi kwa mkupuo mmoja. Kukaba shingo kulizuiwa isipokuwa pale maisha yanapookolewa. Askari aliwekewa wajibu wa kumzuia mwenzake anayetumia nguvu kupita kiasi. Na tangu Machi 1, 2021, kitu kilichoning'inizwa kwenye kioo cha mbele, iwe rozari au tasbihi, peke yake si sababu ya kumsimamisha dereva. Askari aliyehitimu 2015 hakuyasoma haya chuoni. Kama aliyapata, aliyapata kazini.

Mabadiliko ya mwaka huo yaligusa pia cheti cha askari. Zamani aliyefukuzwa kazi angeweza kuhamia kaunti ya jirani na kuendelea, kwa kuwa mafunzo yake yanatambuliwa jimbo zima. Sasa sababu za kunyang'anywa cheti zimepanuliwa, zikiwemo kutumia nguvu kupita kiasi na kusema uongo katika kazi. Uamuzi huo uko ngazi ya jimbo, hauko kwa jiji wala chuoni.

Pesa za chuo hutoka hasa kwa wanachama. Mchango wa Harrisonburg hupita katika bajeti ya jiji, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kila masika baraza la jiji hufanya kikao cha kuwasikiliza wananchi kabla ya kuipitisha bajeti hiyo. Hapo mkazi anaweza kusimama aulize: tunachangia kiasi gani Weyers Cave, anayetuwakilisha kwenye bodi ni nani, na mwaka huu ameomba somo gani kwa niaba yetu? Ni maswali matatu, yanatosha dakika unazopewa. Bodi yenyewe ni chombo cha umma, kwa hiyo sheria ya Virginia inataka vikao vyake viwe wazi na vitangazwe angalau siku tatu za kazi kabla. Huhitaji mwaliko wala uraia wa Marekani kuingia na kuketi. Kama Kiingereza ni kigumu, iandikieni mapema ofisi ya karani wa jiji kuomba mkalimani kwa kikao cha baraza, na barua hiyo ni bora iandikwe na familia kadhaa kwa pamoja, kanisa au msikiti mzima ukiwezekana.