Gitaa la umeme la zamani: jua umri wake kabla ya kulitia bei

Gitaa lililokaa ndani kwa miongo kadhaa likitolewa, usianze kulisafisha. Usiling'arishe, usibadilishe nyuzi wala usipulizie dawa ndani ya poti za sauti, yaani vidhibiti vinavyozungushwa kuongeza na kupunguza sauti. Kutu ya skrubu, vumbi lililoganda chini ya daraja (kipande kinachobeba nyuzi mwilini) na risasi iliyolehemiwa kiwandani ndivyo vinavyoonyesha kwamba gitaa halijaguswa, na bei ya gitaa la zamani inategemea hilo zaidi ya kitu kingine chochote. Lipige picha kwanza: mbele, nyuma, kichwa pande zote mbili, freti (vipande vya chuma vilivyopita kwenye shingo) kwa karibu, na kila mkwaruzo.

Watu wengi hukimbilia namba ya mfululizo. Mimi huisoma, ila siitegemei peke yake. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, waliipiga kwenye bamba la chuma linaloshikilia shingo kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi 1976. Mabamba hayo hayakutumika kwa mpangilio, kwa hiyo namba za miaka jirani huingiliana. Tena bamba hufungwa kwa skrubu nne tu, na yeyote mwenye bisibisi anaweza kulihamisha. Gibson, kampuni nyingine ya magitaa ya huko, wana tatizo kubwa zaidi. Kati ya 1961 na 1969 namba zao zilirudiwarudiwa, na namba moja inaweza kuangukia miaka miwili au mitatu tofauti. Nafuu ilikuja 1977 walipoanza namba za tarakimu nane: ya kwanza na ya tano ni mwaka, na ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka. Namba 83125540 ni ya siku ya 312 ya mwaka 1985, yaani tarehe 8 Novemba.

Kwa magitaa ya Gibson ya miaka ya 1960, pima na utazame mwenyewe. Kwenye modeli nyingi, upana wa shingo pale nyuzi zinapoanzia ni takriban milimita 43 hadi 1965, kisha ukapunguzwa kufikia karibu milimita 40. Pembe ya kichwa nayo ililegezwa kipindi hichohicho, kutoka digrii 17 hadi 14. Ukikuta maneno "Made in USA" yamegongwa nyuma ya kichwa, uko 1970 au baadaye, hata kama namba inakubali kuwa ya 1964.

Shahidi ninayemwamini zaidi yuko ndani. Legeza nyuzi, fungua bamba la plastiki au kifuniko cha nyuma, kisha tazama mgongo au ubavu wa kila poti. Utakuta msimbo. Tarakimu tatu za mwanzo ni za mtengenezaji: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, 134 ni Centralab. Zinafuata za mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Kwa hiyo 1376633 ni poti ya CTS, mwaka 1966, wiki ya 33, katikati ya Agosti. Poti za miaka ya 1950 zina tarakimu moja tu ya mwaka: 304620 ni Stackpole, wiki ya 20 ya 1956.

Poti haikuambii gitaa liliunganishwa lini. Inakuambia halikuunganishwa kabla ya lini, nayo ni lazima iwe ya asili. Fender walinunua shehena kubwa ya poti mwaka 1966 na wakaendelea kuzitumia hadi mwisho wa muongo huo, kwa hiyo Stratocaster (modeli yao) ya 1968 yenye poti za 1966 haina kasoro. Chunguza risasi yenyewe: poti ikiwa na vidonge viwili vya risasi vyenye rangi tofauti, au mabaki ya kulehemu mahali pasipo na waya, ilishafanyiwa kazi, na tarehe yake haikusaidii tena.

Kwenye Fender, shingo hutoka. Legeza nyuzi zote kabisa, tumia bisibisi ya nyota inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu, na weka kila skrubu kwenye nafasi yake. Skrubu ikigoma usiilazimishe, kwani kichwa kitaharibika na alama hiyo haifutiki. Igusishe ncha ya pasi ya kulehemu kwa sekunde kadhaa ipate joto, halafu jaribu tena. Kuna wakati utakuta kipande cha karatasi ngumu kati ya shingo na mwili. Ni cha kurekebisha pembe, kirudishe kama kilivyokuwa. Mwishoni mwa shingo kuna tarehe, ya penseli kwenye ya zamani zaidi, ya mhuri kuanzia takriban 1962. Mhuri "2 NOV 64 B" maana yake ni hii: 2 ni modeli ya Stratocaster, Novemba 1964 ni tarehe ya shingo, na B ni upana wa takriban milimita 41. Shingo ya Gibson imegundishwa, kwa hiyo usiiguse.

Mwili ukiwa wazi, kagua rangi. Ukweli wa bei huonekana hapa. Hadi mwishoni mwa 1964, Fender walipigilia misumari midogo kwenye uso wa mwili ili kuuinua na kuugeuza wakati wa kupaka. Ilipong'olewa, ilibakiza vitundu visivyo na rangi ndani, vingine chini ya bamba la plastiki. Vitundu vikiwa vimejaa rangi, au havipo kabisa kwenye mwili unaodaiwa kuwa wa 1960, mwili umepakwa upya. Zima taa na umulike kwa taa ya urujuanimno: vanishi ya zamani ya nitroselulosi hung'aa kijani-njano, na sehemu iliyorekebishwa hujitokeza kama kiraka cheusi au cha buluu. Mulika hasa nyuma ya shingo inapokutana na kichwa, kwa sababu Gibson nyingi zimevunjika hapo.

Pikapu, yaani sumaku zenye koili za waya zinazonasa mtetemo wa nyuzi, unaweza kuzipima bila kufungua chochote. Chomeka kebo kwenye gitaa, ongeza sauti hadi mwisho, chagua pikapu moja, kisha pima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kati ya ncha ya plagi ya upande wa pili wa kebo na shina lake. Stratocaster ya zamani husoma takriban kiloomu 5.5 hadi 6.5, na pikapu za Gibson zenye koili mbili za mwishoni mwa miaka ya 1950 husoma kati ya 7 na 9. Kipimo kikiruka hadi karibu 250 kwenye Fender, au kikafuata thamani ya poti kwenye Gibson, koili imekatika na unasoma poti peke yake. Usiipeleke kusukwa upya kabla ya tathmini. Pikapu mbovu ya asili ina thamani kuliko watu wanavyodhani.

Sasa bei. Kupakwa rangi upya hushusha thamani kwa karibu nusu, hata kazi ikiwa nzuri. Kichwa kilichovunjika na kugundishwa hushusha kiasi kama hicho. Freti mpya hazidhuru sana, maana freti huisha kama tairi. Funguo za nyuzi zilizobadilishwa hudhuru pale tu tundu jipya lilipotobolewa. Kwa hiyo vile vifaa vya zamani vilivyo kwenye mfuko ndani ya boksi la gitaa visitupwe: mnunuzi atavirudisha, na atakulipa kwa ajili hiyo. Boksi la asili, risiti na mkono wa daraja, ule wa kutikisa sauti, huongeza pia.

Usilinganishe na bei wanazotaja wauzaji. Tafuta zile ambazo magitaa yameuzwa kweli, ya modeli ileile, mwaka uleule na hali ileile. Mwombe mtathmini atofautishe thamani ya bima na ya mauzo, kwa sababu ya bima ndiyo ya juu. Duka litakupa pungufu zaidi, kwani linabeba gharama na hatari ya kulikaa nalo gitaa, na hilo ni haki yao.

Kama mnunuzi yuko nchi nyingine, angalia ubao wa freti kabla ya kukubaliana. Fender walitumia rosiwudi ya Brazili, mti wa jamii moja na mpingo, hadi katikati ya miaka ya 1960. Mti huo uko kwenye orodha kali zaidi ya Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na msamaha uliotolewa 2019 kwa ala za rosiwudi nyingine hauuhusu. Gitaa likivuka mpaka bila kibali linaweza kutaifishwa, kwa hiyo omba kibali kabla ya kupokea malipo.