Eti mama ntilie halipi kodi?

Hii ya "wamachinga na mama ntilie hawalipi kodi, sisi waajiriwa ndo tunaibeba nchi" imezoeleka miaka mingi ila si kweli. Tanzania Bara VAT (kodi ya ongezeko la thamani, ile inayokuwa ndani ya bei ya bidhaa) ya kawaida ni asilimia 18, kwahiyo mama ntilie akinunua sabuni ya unga kwa 1,180 ile 180 ni kodi, akiweka vocha anakatwa tena, na bodaboda inayomletea mzigo inatembelea mafuta yenye tozo humo humo. Tena duka kubwa lililosajiliwa VAT linajirudishia VAT liliyolipa kwenye manunuzi yake, mama ntilie hajasajiliwa basi inamkaa mazima. Na yeye hela yote inaishia kwenye matumizi, bosi anayeweka nusu ya mshahara benki hiyo nusu VAT haiigusi.