Levo ya sakafu ni nini? Maelezo kwa anayejenga kwenye mteremko

Shemeji yangu alifika kiwanjani kwake, upande wa Pongwe, Tanga, akiwa na ramani ndani ya simu. Vyumba vinne, sebule, jiko, kibaraza mbele. Aliipata bure kwa rafiki yake aliyejenga Dar es Salaam. Fundi aliitazama, akaizungusha simu huku na huku, akainua macho kuangalia jinsi kiwanja kinavyoteremka kutoka barabarani, kisha akauliza: “Levo tunaishika wapi?”

Shemeji akanitazama mimi. Mimi nikatazama minazi.

Levo, kwa lugha ya mafundi wetu, ni kimo cha uso wa sakafu kikilinganishwa na alama moja isiyosogea. Haihesabiwi kutoka ardhini, kwa sababu ardhi yenyewe inapanda na kushuka. Mchoraji huichagua sakafu moja, aghalabu ya sebule, na kuiandika 0.00. Kila kitu kingine kinasomwa kwa hiyo: uani ukiwa chini kwa sentimita 75 unaandikwa -0.75, na kibaraza kikiwa chini kidogo ili mvua isiingie ndani kinaandikwa -0.05. Namba hizi ndogo, ambazo wengi wetu tunaziruka tunapohesabu vyumba, ndizo alizokuwa akizitafuta fundi kwenye ile simu. Hazikuwapo. Rafiki wa Dar alijenga pahali tambarare, hakuzihitaji.

Ramani tuliyoizoea huchorwa kama mtu aliye juu anayetazama chini. Ni sawa na kutazama sufuria kutoka juu: upana unauona, kina hukioni. Ndiyo maana wachoraji wana mchoro wa pili, mkato, unaoonyesha nyumba kana kwamba imepasuliwa kama papai kuanzia paa mpaka msingi. Maoni yangu ni kwamba mwenye kiwanja cha mteremko aanze na mkato, hata akiuchora mwenyewe kwa penseli nyuma ya daftari la mtoto, halafu ndipo apange vyumba. Wengi hufanya kinyume.

Mteremko wenyewe unapimwaje? Kile kifaa cha aluminiamu chenye kichupa, pima maji, kinatosha kulaza tofali. Kwa mita 30 hakifai. Fundi alileta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji. Akautikisa na kuugonga kwa kidole mpaka povu lote likatoka, maana povu moja likibaki katikati vipimo vyote ni uongo. Shemeji akashika ncha moja juu, karibu na barabara. Kijana wa fundi akashuka na ncha nyingine mpaka mwisho wa kiwanja, akaiegemeza kwenye mti mrefu uliosimamishwa. Maji yalipotulia, pande zote mbili yalikuwa kwenye kimo kimoja, kama ilivyo desturi ya maji. Kutoka usawa wa maji kwenda ardhini, juu tulipata sentimita 40. Chini, sentimita 220.

Toa 40 kwenye 220, inabaki 180. Gawa kwa mita 30 za urefu wa kiwanja: kinashuka sentimita 6 kwa kila mita. Kwa macho kilionekana kama kimelala tu. Macho hayana habari na mteremko mdogo.

Kabla ya kukunja mpira fundi alipigilia msumari kwenye shina la mwembe wa jirani, baada ya kuomba ruhusa, usawa wa maji. Huo ndio ukawa alama yetu. Niliuliza kama mti ukirefuka msumari hautapanda nao. Hapana, mti hurefuka kwa ncha zake. Msumari hubaki ulipopigwa.

Sasa namba ikaanza kazi. Ramani ya simu ilikuwa na upana wa mita 9 mbele na urefu wa mita 15 kwenda nyuma. Ukiiweka hivyo, urefu ukifuata mteremko, ardhi chini ya ukuta wa mbele na ardhi chini ya ukuta wa nyuma zinapishana kwa 15 mara 6, sentimita 90. Ukiigeuza, mita 15 zikalala sambamba na barabara na mita 9 tu zikashuka na mteremko, inakuwa sentimita 54. Eneo ni lilelile. Tofauti ya kifusi cha kujaza chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, ni kama mita 24 za ujazo, yaani tripu tatu na nusu za tipa la mita 7. Kiwanja kilikuwa na upana wa mita 20, kwa hiyo nyumba iliyogeuzwa iliacha mita mbili na nusu kila ubavu. Na kwa bahati kiwanja kinashuka kuelekea kaskazini, kwa hiyo kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini, na zile fupi zikabaki kulipokea jua la asubuhi na la jioni. Anayejua joto la Tanga mwezi wa Februari ataelewa.

Baada ya hapo kuna njia tatu za kuipata levo: kukata, kujaza, au kuivunja sakafu.

Kukata ni kuchimba upande wa juu mpaka ulingane na wa chini. Ndivyo wanavyofanya Lushoto, ambako nyumba nyingi zimekaa kwenye rafu iliyochongwa mlimani. Huku kwetu uchungulie kwanza kwa shimo la majaribio. Pongwe na Maweni ni nchi ya mawe ya chokaa, si bure kiwanda cha saruji kiko huko; ukianza kukata unaweza kukutana na jiwe kabla hujatoa jasho la pili. Halafu ukuta wa nyuma unaoegemea udongo unataka matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake, la sivyo masika yote, Machi mpaka Mei, chumba cha upande huo kinanuka kama gunia lililolowa.

Kujaza ndiko wengi wetu tunakokimbilia, na hapa nazungumza kwa uchungu. Nyumba yangu mwenyewe ilijazwa kwa siku tatu. Udongo uliotoka kwenye msingi ulirudishwa ndani wote kwa mkupuo, ukamwagiwa maji juu juu, jamvi likamwagwa. Mwaka wa pili ufa ukatokea sebuleni, mwembamba kama uzi, ukaenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni. Leo ukigonga vigae vya hapo kwa kisigino vinalia tupu. Kifusi kinatakiwa kiwekwe tabaka la kama sentimita 15, kimwagiwe maji, kishindiliwe, ndipo tabaka jingine lifuate. Udongo mweusi wenye mizizi hautakiwi kabisa humo. Kwenye mteremko ubaya unazidi kwa sababu upande wa chini una kifusi kirefu kuliko wa juu, kwa hiyo nyumba haididimii sawasawa: nusu inakaa, nusu inashuka.

Msingi nao haufuati mteremko. Chini ya mtaro lazima kulale, kisha kushuke kwa ngazi. Mafundi hushusha kwa kimo cha kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali: tofali la inchi 9 na inchi moja ya udongo wa saruji, jumla inchi 10, karibu sentimita 25. Ukishusha kwa kipimo cha kubahatisha kozi hazitakutana kwenye kona, na utaona fundi anakata tofali vipande vipande kuziba aibu. Kwa sentimita 54 zetu, ngazi mbili zilitosha.

Njia ya tatu, kuvunja sakafu, ni kuigawa nyumba iwe na levo mbili zinazounganishwa na vipandio vichache. Hapa ndipo ramani ya vyumba na mteremko vinapokutana, na ndipo familia zinapogombana.

Mchoraji alipendekeza sebule na vyumba vya kulala vibaki 0.00, jiko na pa kulia chakula vishuke -0.45: vipandio vitatu vya sentimita 15. Kwa mkato ni safi sana. Paa linakuwa moja, kwa hiyo jiko linapata nusu mita ya hewa juu yake na joto lina pa kwenda. Karatasi ikapelekwa kwa mama mkwe, ambaye ndiye atakayeishi humo na magoti yake. Akasoma kwa kidole, akafika jikoni, akasimama.

“Kwa hiyo mimi nikitaka chumvi niteremke kama nakwenda kisimani?”

Tukajaribu kuweka njia ya mteremko badala ya vipandio. Kipimo kinachokubalika kwa mtu mzima asiye na nguvu ni mita 12 za urefu kwa kila mita moja ya kushuka. Sentimita 45 zinataka mita 5.4. Ndani ya nyumba ya mita 15, hiyo ni korido nzima. Jiko likapandishwa tena, na vyumba viwili vya watoto ndivyo vikashuka. Watoto wanaruka vipandio vitatu bila kuvihesabu.

Hili linastahili kuangaliwa vizuri, kwa sababu nyumba zetu za pwani zimezoea levo moja. Unaingia kutoka barazani, unakwenda na ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, unatokea uani. Mstari huo ulionyooka ndio nyumba. Ngamiani, pale Tanga mjini, kwenye mitaa yake ya namba, ardhi inauruhusu. Kwenye mteremko lazima uamue utakatika wapi, na wewe ndiye unayejua nani anapita hapo usiku akienda chooni. Ninavyoona, choo na chumba cha mzee visitenganishwe na hata kipandio kimoja. Kipandio kimoja ndicho kibaya kuliko vyote. Vitatu mtu huviona, kwa kimoja hujikwaa.

Na uani. Uani ni mahali pa kujifunua kidogo: kufua, kupara samaki, kukaa bila mtandio. Ukuta wa futi 7 unatosha pakiwa tambarare. Lakini jirani aliye juu yako kwa mita moja na nusu anasimama barazani kwake na kuona mpaka ndani ya sufuria. Kabla ya kuchora uani, panda kwa jirani wa juu, omba maji ya kunywa, simama kwake utazame kwako. Sisi kwa njia hiyo tuligundua kwamba nyumba yenyewe, ikiwa imelala kwa upana, inaukinga uani wetu na walio juu barabarani. Aliye kando alihitaji ukuta mrefu zaidi upande wake tu.

Maji machafu hayahitaji maelezo mengi: shimo liwe upande wa chini wa mteremko kuliko nyumba, kisima kama kipo kiwe upande wa juu, na kati yao mita 30 au zaidi. Bomba la inchi 4 hushuka kama sentimita 25 kwa kila mita 10. Kwenye ardhi ya chokaa ongeza umbali kadiri unavyoweza. Jiwe hilo lina nyufa, na aliyewahi kuingia mapango ya Amboni ameona kwa macho maji yanaweza kulifanya nini. Maji ya mvua yanayotoka barabarani yakatwe na mfereji upande wa juu kabla hayajagusa ukuta, na yaelekezwe mtaroni. Usimpelekee jirani wa chini. Kama mteremko wako unaishia mtoni, kwa mfano kwenye Mkulumuzi au Zigi, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Halmashauri ya Jiji nayo, unapoomba kibali cha ujenzi, inataka kuuona mkato pamoja na ramani.

Karatasi ya mwisho ya shemeji inasomeka hivi: sebule, chumba cha mama, choo na jiko 0.00, vyumba vya watoto -0.45, uani -0.75. Sakafu ya sebule iko sentimita 30 juu ya ardhi upande wa barabarani. Jiko limewekwa mwisho wa magharibi, kwa sababu pepo za kusi na kaskazi zote hutujia zikitokea upande wa mashariki na moshi utatoka bila kupitia vyumbani. Nje ya mlango wake kuna kibaraza cha nyuma, levo moja na jiko, kisha vipandio vitano hadi uani. Mama mkwe ameshasema mkeka wake utakaa hapo juu, ili awaone wote walio chini na awaambie cha kufanya bila kuteremka.